Kupima nguvu, pumzi na mruko: maswali tunayoulizwa kila tunapopanga koni uwanjani

Tunapima wachezaji wa mpira wa miguu, wavu, kikapu na riadha, pamoja na wanachama wa vikundi vya jogging hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya utafiti wa sayansi ya michezo. Maswali haya yametoka kwa makocha, wanafunzi wa vyuo, wazazi na wachezaji wenyewe. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu uwanjani. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiko makosa mengi yalipo.

Kocha mwenye jicho anajua nani ana nguvu na nani hana. Vipimo vya nini tena?

Jicho la kocha tunaliheshimu, na mara nyingi huona kitu kabla ya kifaa chochote. Lakini jicho hulinganisha waliosimama mbele yake leo. Kumlinganisha mchezaji wa Machi na mchezaji yuleyule wa Agosti ni kazi ya daftari.

Halafu nguvu, pumzi na mruko haviendi pamoja kama watu wanavyodhani. Mpagazi wa Kariakoo anayepandisha magunia kwenye fuso kutwa nzima anaweza kushindwa kukimbia dakika kumi mfululizo. Mzee wa jogging anayetoka Temeke hadi Coco Beach kila Jumapili anaweza kuruka sentimita 20 tu. Kila mmoja ni hodari, ila kwa jambo lake. Ukiwapima kwa kipimo kimoja utamdhulumu mmoja wao.

Mnaposema "nguvu", mnamaanisha nini hasa?

Mtaani nguvu ni neno moja pana. Kwenye utafiti tunaligawa. Kuna nguvu ya juu kabisa, yaani mzigo mkubwa kuliko yote unaoweza kuunyanyua mara moja tu kwa mtindo sahihi. Kuna pawa, yaani nguvu inayotoka kwa kasi, inayopimwa kwa wati. Na kuna ustahimilivu wa misuli, kama pushapu ngapi kabla ya kuanguka. Kijana anayepiga pushapu 60 hajathibitisha kwamba ana nguvu ya juu kabisa; amethibitisha kwamba misuli yake inachelewa kuchoka. Ripoti nyingi za wanafunzi hujikwaa hapa: kichwa cha habari kinasema nguvu, jedwali linaonyesha pushapu.

Njia nyingine ni kumfanya mtu avute au asukume kitu kisichosogea, kwa mfano chuma kilichofungwa kwenye mnyororo wenye kipima mzigo, kisha kusoma nguvu kwa nyutoni, kizio cha nguvu. Haichoshi kama kunyanyua, na mgeni wa jimu huielewa haraka.

Lazima ninyanyue mzigo wa mwisho kabisa? Naogopa mgongo.

Si lazima, na kwa mtu asiyezoea vyuma hatupendi. Nyanyua mzigo unaouweza mara tano au sita kwa mtindo mzuri, kisha tukadirie. Mlinganyo wa Epley unasema: uzito × (1 + marudio ÷ 30). Wa Brzycki unasema: uzito × 36 ÷ (37 − marudio). Ukiskwati, yaani ukichuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, kilo 60 mara 5, wa kwanza unakupa kilo 70 na wa pili kilo 67.5. Unaona zinavyotofautiana kwa kilo mbili na nusu bila wewe kubadilika hata kidogo? Ndiyo maana tunachagua mlinganyo mmoja, tunauandika, na hatuuachi hadi utafiti uishe. Marudio yakipita kumi, makadirio yanaanza kupotea. Hapo ongeza uzito.

Kukamua kile kifaa cha mkononi kunahusiana nini na mpira?

Kwa mshambuliaji, kidogo sana. Kwa golikipa, mcheza judo au mpanda baiskeli, zaidi. Kifaa hicho, dainamomita ya mkono, kinachopima nguvu ya kukamata, tunakipenda kwa sababu ni cha haraka, na kwa wazee kinasema mengi: wataalamu wa Ulaya walipopitia upya mwongozo wao wa kupungua kwa misuli mwaka 2019, waliweka chini ya kilo 27 kwa wanaume na chini ya kilo 16 kwa wanawake kuwa dalili ya udhaifu. Kwa kijana wa miaka 20 kisichukuliwe kuwa picha ya mwili mzima.

Mruko mnaupimaje?

Njia kongwe ni ya ukuta na chaki. Dudley Sargent aliieleza Marekani mwaka 1921 na bado inafanya kazi: simama ubavu kwa ukuta, nyoosha mkono, weka alama, ruka, weka alama ya pili, pima kati yake. Gharama ni chaki na futi ya fundi.

Njia ya pili hupima muda wa kukaa hewani. Mkeka wa kurukia unajua miguu imeondoka lini na imerudi lini, na fizikia inamalizia: urefu ni 9.81 × muda × muda ÷ 8. Ukikaa hewani nusu sekunde, umeruka sentimita 30.7. Ukikaa sekunde 0.6, umefika sentimita 44. Carmelo Bosco na wenzake ndio walioieneza njia hii kwenye miaka ya 1980.

Njia ya tatu ni bamba la nguvu, ambalo husoma msukumo wa miguu ardhini mara elfu moja kwa sekunde. Hili linaonyesha pia ulivyofika: ulishuka kwa kasi gani, ulisukuma kwa muda gani, mguu upi ulibeba zaidi. Kwa mchezaji anayerudi kutoka jeraha la goti, hilo la mwisho lina thamani kuliko urefu wenyewe, maana watu wengi hurudisha urefu wa mruko huku mguu mmoja bado unajificha nyuma ya mwenzake.

Kwenye ukuta nilipata 52, kwenye mkeka 38. Kifaa chenu kibovu?

Kizima. Ni maswali mawili tofauti yaliyopewa jina moja. Ukutani ulirusha mikono, na mikono huongeza urefu. Tena alama yako ya kwanza uliiweka ukiwa umesimama kwa nyayo nzima, kwa hiyo ule mwinuko wa kusimama kwenye ncha za vidole ulihesabiwa kuwa mruko. Mkeka huanza kuhesabu baada ya vidole kuachia. Mikono tulikuwekea kiunoni kwa makusudi, ili tupime miguu peke yake.

Usichanganye namba za njia hizi mbili kwenye jedwali moja. Na ukisoma mtandaoni kwamba mchezaji fulani anaruka sentimita 90, uliza kwanza alipimwaje.

Kwa nini mnarudisha mruko wangu wakati nimeruka vizuri?

Kwa sababu ulikunja magoti ukiwa hewani. Ukitua umechuchumaa, unakuwa umechelewesha miguu kugusa chini, na mkeka unadhani uliruka juu zaidi. Tua kwa vidole, magoti yakiwa yamenyooka kama ulivyoondoka, kisha kunja kupokea uzito.

Simu yangu inatosha?

Inategemea picha ngapi inapiga kwa sekunde. Tuchukue mruko wa nusu sekunde. Simu inayorekodi fremu 30 kwa sekunde ikikosea fremu moja tu, jibu linapanda kutoka sentimita 30.7 hadi 34.9. Zaidi ya sentimita nne zimetoka hewani! Simu ile ile ikiwekwa kwenye mwendo wa polepole wa fremu 240, kosa la fremu moja ni nusu sentimita. Kwa hiyo ndiyo, simu inatosha, mradi uweke mpangilio huo, uilaze karibu na ardhi ukitazama viatu, na mtu mmoja ndiye achague fremu kwa wachezaji wote.

Mwanafunzi anayetaka kuthibitisha simu yake dhidi ya mkeka asiishie kwenye uhusiano wa kitakwimu, yaani namba inayoonyesha kama vipimo viwili hupanda na kushuka pamoja. Simu inayozidisha sentimita tano kila mara itatoa uhusiano kamili wa 1.0 na bado itakuwa inadanganya kila mtu. Tazama tofauti zenyewe, mtu kwa mtu, kama wanatakwimu Bland na Altman walivyofundisha mwaka 1986.

Tumeruka sawa, sentimita 40. Mbona mmeandika mwenzangu ana pawa zaidi?

Yeye ana kilo 80, wewe 60. Kuinua kilo 80 hadi urefu ule ule ni kazi kubwa zaidi. Kwa mlinganyo wa Sayers na wenzake wa mwaka 1999, wewe unakadiriwa wati 3,091 na yeye wati 3,997. Kama mchezo wenu ni kuruka juu ya wavu, mko sawa. Kama ni kugongana ndani ya boksi, yeye ana akiba.

Pumzi ipimwe kwa jaribio lipi?

Maabara, mtu hukimbia kwenye mashine akiwa amevaa barakoa inayopima hewa anayotumia, mwendo ukiongezwa hadi ashindwe. Wazo la kwamba kuna kikomo cha oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia lilijengwa na A. V. Hill na Hartley Lupton mwaka 1923. Ni kipimo kizuri, lakini huchukua mtu mmoja kwa wakati, na timu ina watu 25.

Uwanjani tuna njia tatu. Jaribio la dakika 12 la Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, la mwaka 1968: kimbia umbali mrefu uwezavyo, toa 504.9 kwenye mita zako, gawa kwa 44.73. Aliyekimbia mita 2,400 anakadiriwa mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Udhaifu wake ni kwamba linahitaji akili ya kugawa mwendo. Vijana wengi huondoka kama wanafukuzwa, dakika ya nne wanatembea. Hapo umepima papara.

Jaribio la milio, lililotengenezwa na Luc Léger huko Montréal, linaondoa tatizo hilo. Unakwenda na kurudi mita 20 ukifuata mlio. Mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa na kupanda nusu kilomita kila dakika. Spika ndiyo inayogawa mwendo, wewe unafuata tu.

Kwa mpira wa miguu mimi huchagua Yo-Yo ya Jens Bangsbo wa Denmark, ile ya kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kisha kupumzika sekunde 10. Ndivyo mpira ulivyo: mbio, pumziko kidogo, mbio tena. Waamuzi wetu nao wanajua vizuri majaribio ya namna hii yenye mbio na mapumziko.

Hakikisha spika inasikika hadi koni ya mwisho. Kwenye kiwanja kilicho kandokando ya barabara ya daladala, mchezaji wa pembeni anaweza kukosa mlio kwa sababu ya honi, ukamwandika ameshindwa.

Kwa nini mnapima alfajiri? Mazoezi yetu ni saa kumi jioni.

Tungependa kukufuata saa kumi, na kwa mruko mara nyingi tunafanya hivyo. Joto la Dar linakata pande mbili. Misuli yenye joto hujikaza haraka na kwa nguvu, kwa hiyo jioni watu wengi huruka juu kidogo kuliko asubuhi. Lakini pumzi hupata hasara. Damu ambayo ingepeleka oksijeni kwenye misuli inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linachuruzika badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halipozi. Moyo unadunda kana kwamba unakimbia kasi zaidi ya ile unayokwenda.

Februari na Machi, saa nane mchana, sipimi pumzi ya mtu yeyote, hata kocha akisisitiza. Ni suala la usalama kabla halijawa suala la takwimu. Na ukilinganisha Yo-Yo ya Machi na ya Julai, timu itaonekana imeimarika hata kama ilikuwa imelala, kwa sababu Julai kuna ubaridi. Andika saa, joto na unyevu kwenye kila karatasi. Vivyo hivyo usilinganishe kikosi cha Dar, usawa wa bahari, na kikosi kilichopimwa Arusha zaidi ya mita 1,300 juu, halafu utoe hukumu kuhusu nani ana pumzi.

Na Ramadhani?

Aliyefunga hatumpimi pumzi hadi mwisho wa nguvu zake. Kama utafiti wenyewe si kuhusu kufunga, panga vipimo vikamilike kabla ya mwezi kuandama au visubiri wiki kadhaa baada ya Idi.

Mruko wangu umepanda kutoka 38 hadi 40 baada ya wiki nane. Nimeimarika?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, na jibu la kweli ni: niambie kwanza namba yako huyumba kiasi gani.

Ruka leo, ruka keshokutwa bila mazoezi yoyote katikati. Hutapata namba ile ile. Usingizi, uchovu, viatu, hata uwepo wa wenzako wanaoshangilia, vyote vinagusa. Kuyumba huko kunapimika. Rukisha wachezaji wako wote siku mbili tofauti ndani ya wiki moja, saa ile ile. Kwa kila mmoja tafuta tofauti ya siku ya pili na ya kwanza. Kokotoa mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika, kisha ugawe kwa 1.41. Ulichopata ni kosa la kawaida la kipimo chako, kwa wachezaji wako, kwenye sakafu yako. Tuseme limetoka sentimita 1.5. Mabadiliko kati ya siku mbili yanabeba makosa mawili, ya mwanzo na ya mwisho, kwa hiyo yanaweza kuyumba kwa kama sentimita 2.1 bila sababu yoyote. Sentimita zako mbili zimo humo ndani. Inawezekana umeimarika, kipimo hiki peke yake hakiwezi kukuapia. Mwenzako aliyepanda sentimita sita ana ushahidi mikononi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii tulipima timu ya vijana Temeke kwenye nyasi asubuhi, wakafanya mazoezi ya kuruka wiki nane, tukawapima tena jioni kwenye sakafu ya saruji kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Karibu wote walipanda. Mwalimu wao aliwaita wazazi, akawatangazia. Nilipokaa na daftari usiku nikaona sakafu na saa vimebadilika pamoja na mazoezi, na hakuna namna ya kuvitenganisha. Ilibidi nirudi kumwambia mwalimu kwamba sijui kama mpango wake ulifanya kazi. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, lakini wale vijana walikuwa wameshaamini. Tangu siku hiyo, sakafu ikibadilika, kipimo kinaahirishwa.

Nina wachezaji kumi wa timu moja kwa ajili ya tasnifu. Wanatosha?

Idadi si tatizo lako la kwanza. Kama wote kumi wanafanya programu yako na hakuna kundi la kulinganisha, hutajua kama walipanda kwa sababu ya programu, msimu, au kukizoea kipimo. Tafuta kundi la pili linaloendelea na mazoezi ya kawaida, na wape wote siku ya kujaribu kabla ya kuanza kuandika namba. Mruko wa kwanza kabisa wa mtu kwenye mkeka ni wa kujifunza.

Kuna jedwali la viwango ninaloweza kutumia?

Yapo mengi, na mengi yametoka kwa vijana wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Yatumie kwa tahadhari. Hatari kubwa iko kwa watoto: wavulana wawili wa miaka 14, mmoja ameshabalehe na mwingine bado, wanaweza kupishana sana kwa nguvu na kuruka. Ukichuja kikosi kwa jedwali la umri, unamchagua aliyewahi kukua na kumrudisha nyumbani yule ambaye angekuja kuwa bora. Inaniumiza kila ninapoiona.

Mwanangu wa miaka 13 amerudi hoi. Mlimfanya nini?

Mama, pole. Jaribio la milio huendelea hadi mtoto mwenyewe ashindwe kuufikia mlio, ndiyo maana alichoka. Uchovu wa jioni hiyo ni wa kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai si kawaida, na yakitokea mpeleke hospitali kisha utupigie. Hatumpimi mtoto bila saini ya mzazi au mlezi, na hata ukisaini, yeye mwenyewe akisema hataki, hatapimwa. Unaweza kumtoa siku yoyote bila kutupa sababu. Kama hukuletewa fomu ya ridhaa, tuambie, maana hapo kosa ni letu.

Nani ataona matokeo yangu?

Wewe kwanza. Watafiti huyaona yakiwa na namba badala ya jina. Kocha huyaona ukikubali kwa maandishi, na tunakueleza mapema kama yanaweza kutumika kupanga kikosi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata uzito wako na mapigo ya moyo wako. Kubandika orodha ya nani wa mwisho kwenye kundi la WhatsApp la timu hakuruhusiwi kwetu.

Mnalipa?

Nauli na maji. Vipimo ni bure.

Klabu yetu haina hela. Tuanze na nini?

Futi ndefu, koni, chaki, simu ya mwendo wa polepole, spika na daftari gumu. Chagueni vipimo vitatu tu, mahali pamoja, siku moja ya wiki, mtu mmoja wa kupima. Klabu yenye daftari la miaka mitatu lililoandikwa kwa uaminifu inanifurahisha kuliko maabara yenye bamba la nguvu linalohamishwa kila mwezi.

Vipimo hivi vinaweza kumtambua bingwa ajaye?

Vinaweza kuonyesha nani ana msingi. Bingwa ni habari nyingine. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia Tokyo kwa 2:09:48, na Amanal Petros wa Ujerumani akaandikiwa muda ule ule. Waliachana kwa sekunde 0.03 baada ya zaidi ya kilomita 42. Hakuna barakoa ya oksijeni ambayo ingeona tofauti hiyo mapema. Watu wa daraja hilo karibu wote wana oksijeni nyingi. Wanatofautiana kwa namna wanavyoitumia bila kuipoteza, wanavyohimili joto, na uamuzi wa mita mia za mwisho. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16, aliongoza tangu mwanzo wa mbio. Uthubutu ule sina kifaa cha kuupima.

Nije nimejiandaa vipi?

Siku moja kabla usifanye mazoezi mazito. Lala. Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla. Uji na ndizi vinatosha, supu ya utumbo na chapati nne hapana. Usinywe kahawa nyingi kuliko kawaida yako, na siku ya kipimo cha pili kunywa kiasi kile kile ulichokunywa siku ya kwanza. Njoo na viatu vilevile vya mara iliyopita. Kama umetumia dawa yoyote, tuambie. Kama umeamka na homa, hata ndogo, piga simu ubaki nyumbani. Tutakupangia siku nyingine, saa ile ile.